Tamthilia, Mastaa na Shela la Bi Harusi: Maoni Yetu



Leo tumeweka cherehani pembeni. Tunataka tuzungumze juu ya mambo yaliyomo katika kila nyumba yetu, kuanzia nyumba ya bibi mpaka ya bi harusi wa mwezi ujao: televisheni, muziki, na hawa mastaa tunaowafuata kwenye simu usiku na mchana.

Sisi si masheikh na hatutoi fatwa. Hukumu ya halali na haramu waulizeni wenye elimu. Sisi ni washonaji. Tumemaliza kidato cha nne, tukasomea ushoni, tukafungua duka, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa tunawavisha mabiharusi wa mjini na wa shamba, Unguja na Pemba. Mshonaji huona mengi. Bi harusi akiingia dukani, hata hajatwambia siku ya nikahi, huwa ameshatoa simu na kutuonyesha picha. "Nataka kama hili." Na picha hiyo, mara nyingi, ni ya staa. Kwa hiyo maoni yetu ya leo yametokana na hizo picha.

Sultan na gauni la Hurrem

Tuseme kweli, na sisi tunaangalia. Azam TV walipotuletea Sultan kwa Kiswahili, saa yake ikifika mtaa mzima ulikuwa kimya. Bibi yetu ambaye siku zote anasema televisheni ni sanduku la kupotezea wakati, alikuwa akisali isha mara tu ikiadhiniwa, kisha anakaa mbele kabisa na tasbihi yake mkononi, na ole wake atakayezungumza. Waturuki wanasema Kiswahili safi, nani asiyependa?

Kilichotuvutia sisi zaidi ni nguo. Mahameli, darizi za uzi wa dhahabu, mikono mipana, mikanda ya kiunoni. Tulikuwa tunaisimamisha picha tuone mshono umepita wapi. Na wateja nao wakaanza kuja. Mwaka ule tulishona magauni ya "Sultan" mpaka mahameli ya rangi ya damu ya mzee yakatuishia.

Lakini kifua! Magauni yale kifua kiko wazi, na bi harusi anataka kama alivyoona. Tunamwambia, "Mwanangu, hii tuipandishe." Anajibu, "Lakini wale si Waislamu? Si ndiyo nyumba ya Sultan?" Hapo ndipo tulipoona tamthilia inaweza kumfanya mtu aamini kitu ambacho hakikuwa.

Dada zetu, jueni kwamba kule Uturuki kwenyewe watu waligombana juu ya tamthilia hii tangu ilipoanza kuonyeshwa Januari 2011. Malalamiko yalipelekwa kwa maelfu kwa wasimamizi wa utangazaji. Novemba 2012, Erdoğan, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, aliikosoa hadharani kwamba Sultan Suleiman hakuwa mtu wa kukaa na wanawake kasri, bali sehemu kubwa ya utawala wake aliimaliza juu ya farasi. Kwa hiyo yale magauni ni ya mshonaji wa tamthilia. Yameshonwa ili watu wasibadilishe stesheni.

Kuna jambo jengine limetuuma zaidi ya kifua. Siku moja tulimuuliza bi harusi mmoja tuliyekuwa tunampima, "Kwani Hurrem unampendea nini?" Akasema, "Kwa sababu aliwashinda wote." Akina nani wote? "Mavyaa, mke mwenziwe, wifi, wote." Tulicheka, lakini baadaye tukakaa tukatafakari. Huyu ni msichana anakwenda kwa watu. Anakwenda kwenye nyumba yenye mavyaa na mawifi. Na anakwenda akiwa ameshajipanga kwa vita, kwa sababu kila usiku kwa miezi ameona mke mwerevu ni yule mwenye fitna nyingi.

Hurrem wa kweli alifikishwa Istanbul akiwa mateka kutoka sehemu ambayo leo ni Ukraine. Sultan Suleiman alimwacha huru na akamuoa, jambo ambalo lilikuwa geni kwa masultani wa zama zile. Je, mnajua ameacha nini duniani? Istanbul ameacha wakfu wa msikiti, skuli na hospitali. Baitul Maqdis ameacha wakfu wa jiko kubwa lililoanza miaka ya 1550 la kuwapikia masikini, na jiko hilo limeendelea kulisha watu mpaka zama zetu hizi. Yeye alifariki mwaka 1558. Hebu hesabuni wenyewe ni miaka mingapi watu wanakula kwa sadaka yake. Bi harusi wetu angependa kushinda kama alivyoshinda yule wa jikoni, tungemshonea gauni bure.

Kate Middleton na dhahabu ya kuazima

Sasa mtatwambia, "Kwa hiyo mastaa wote wabaya?" Hapana. Wengine wametusaidia sana katika kazi yetu.

Wakati tunaanza ushoni, picha zote za magauni ya harusi zilikuwa za mabega wazi. Ukimwambia mtu mikono mirefu, anakwambia hiyo ni nguo ya mtu mzima. Kisha tarehe 29 Aprili 2011 Kate Middleton akaolewa London na mjukuu wa Malkia, dunia nzima inaangalia, naye amevaa mikono mirefu ya lesi mpaka kwenye viganja. Subhanallah, kazi yetu ikawa nyepesi! Ghafla mikono mirefu ikawa fasheni. Sisi tulichokuwa tunaongeza ni bitana chini ya lesi, kola ipande kidogo, na ushungi. Mabiharusi wakawa wanajisitiri huku wanajiona wako na wakati.

Gauni lile lilibuniwa na mwanamke, Sarah Burton, wa nyumba ya mitindo ya Alexander McQueen. Lesi yake ilishonewa kwa mkono na mafundi wa Royal School of Needlework, na inaelezwa kwamba mafundi wale walikuwa wananawa mikono kila baada ya nusu saa ili uzi usichafuke, na sindano wanabadilisha kila baada ya saa tatu. Nasi tukajiwekea ndoo ya maji na sabuni karibu na meza ya kukatia. Mpaka leo ipo. Msichana anayejifunza kwetu hagusi kitambaa cheupe kama hajanawa, hata kama ametoka kunawa sasa hivi.

Lakini kuna jamboja moja wateja hawakuliona. Lile taji alilovaa Kate halikuwa lake. Aliazimwa na Malkia Elizabeth. Binti anayeolewa katika nyumba ya kifalme amevaa taji la kuazima, na hakuna aliyemcheka. Hapa kwetu kuazimana dhahabu siku ya harusi ni mila ya zamani. Bibi anatoa kikuku, shangazi anatoa mkufu, na harusi ikiisha kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Siku hizi bi harusi anaona haya kuvaa cha shangazi. Anataka seti mpya ili kwenye picha isijulikane. Tumeshaona mama aliyeuza kiwanja. Tumeshaona bwana harusi aliyeanza ndoa na deni la ukumbi, deni la mpambaji na, tunasema kwa aibu, deni letu sisi. Tulipokwenda kulidai, yule bi harusi alitufungulia mlango amevaa dira lililopauka. Gauni alilivaa kwa saa nne. Deni lilikaa mwaka na miezi.

Masheikh wetu hutukumbusha kila siku kwamba ndoa yenye baraka ni ile iliyo nyepesi gharama zake. Tunaitikia "naam", kisha tunafungua simu kuangalia harusi ya staa.

Halima Aden na ushungi uliopungua

Kama kuna staa mmoja ambaye tungependa kila bi harusi amjue, ni Halima Aden. Huyu ni Msomali aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akahamia Marekani akiwa bado mtoto. Mwaka 2016 aliingia mashindano ya urembo ya Minnesota akiwa na ushungi wake, na badala ya nguo za kuogelea za kawaida akavaa burkini. Akafika nusu fainali. Baada ya hapo kampuni kubwa ya wanamitindo ikamchukua, na katika mkataba wake akaweka sharti kwamba ushungi hautoki. Mwaka 2018 akatokea kwenye jalada la Vogue ya Uingereza. Mwaka 2019 Sports Illustrated wakampiga picha na burkini, na picha zenyewe zilipigwa Watamu, hapa hapa pwani yetu, katika nchi aliyozaliwa.

Tulifurahi! Tulikata picha zake tukabandika ukutani dukani. Tulikuwa tunawaambia wateja, "Mnaona? Ushungi haumzuii mtu."

Kisha, Novemba 2020, Halima akatangaza kwamba anaacha kazi ile. Alieleza kwamba kidogo kidogo alikuwa ameruhusu mambo yasiyokuwa yake. Ushungi ulianza kamili, kisha ukawa kilemba, kisha shingo ikaonekana, na ikafika mahala akafungwa suruali ya jinsi kichwani badala ya ushungi. Alikiri pia kwamba mama yake alikuwa akimuomba siku nyingi aache. Ule mwaka wa korona ulipomkalisha nyumbani, akapata nafasi ya kujitazama.

Sisi tulipoisoma habari ile tulinyamaza, kwa sababu tunalijua jambo hilo kwa futi ya kupimia. Bi harusi wetu haji siku ya kwanza akasema anataka kuwa uchi. Anakuja anataka gauni la heshima. Siku ya kujaribu mara ya kwanza anasema, "Fundi, shusha kidogo hapa, nusu inchi tu." Siku ya pili, "Bana kidogo kiunoni." Siku ya tatu, "Hii bitana ya mkono si unaweza kuitoa?" Kila mara ni kidogo, na kila mara ana picha ya kutuonyesha. Siku ya harusi anavaa kitu ambacho siku ile ya kwanza angekikataa. Na sisi mafundi tumo katika lawama hiyo, kwa sababu sisi ndio wenye mkasi.

Tunalompendea Halima ni kwamba alirudi nyuma. Alikuwa na jina, alikuwa na pesa, na akasema basi. Na hakukaa bila kazi: mwaka uliofuata alishirikiana na Modanisa ya Uturuki, wauzaji wa nguo za stara, kwa masharti yanayolingana na dini yake. Kwa hiyo yule bi harusi anayetwambia "Fundi, nimefikiria, rudisha bitana," asidhani tutamkasirikia. Tutarudisha, hata kama harusi ni kesho.

Muziki wa harusini

Hapa najua, wapenzi, tutagawanyika. Wapo wasiotaka muziki kabisa, wanatosheka na dufu na maulidi, na harusi zao zina utulivu wake. Wapo wanaotaka taarabu. Wapo wanaotaka bongo fleva mpaka ukumbi utikisike. Kila mmoja na wenye elimu wake.

Sisi tutasema moja tu. Siti binti Saad wa Fumba alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo zake za Kiswahili, mwanamke wa mwanzo katika upande wetu huu wa dunia. Watu wa Mombasa, Dar es Salaam na kwengine wakampenda kwa santuri, na wengi wao hawakupata kumuona uso. Walimjua kwa sauti na kwa maneno. Leo mambo ni kinyume. Zuchu ni mtoto wetu wa Zanzibar, binti wa Khadija Kopa, sauti kairithi na kipaji hakuna wa kumnyima. Lakini mwimbaji wa leo bila video hajatoka, na video bila mwili haitazamwi, na kila siku lazima aoneshe zaidi ya jana. Mwaka 2024 Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lilimfungia miezi sita hapa Zanzibar kwa aliyoyafanya jukwaani Kendwa. Watu wengi walimsema yeye. Sisi tulijiuliza, ni nani waliokuwa wanashangilia pale mbele? Na ni nani anayezicheza nyimbo hizo hizo kwenye kesha la mwanawe?

Kuonekana ndiyo kazi ya staa. Analipwa kwa hilo, na hata yeye linamchosha. Wewe bi harusi unaonekana bure, na hasara ni yako. Tunalisema hili kwa sababu tumelisababisha wenyewe.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita tulimshonea bi harusi mmoja gauni zuri kuliko yote tuliyowahi kushona. Lesi nyeupe, mikono mirefu, mkia wa mita mbili, kazi ya mkono wiki sita. Siku ya kulichukua akalivaa, tukampiga picha "ya kumbukumbu". Usiku ule tukaiweka kwenye ukurasa wa duka. Hatukumuomba ruhusa. Tulimfunika uso kwa ua, tukaona tumemsitiri. Tulikuwa tumeona kurasa za wabunifu wakubwa wanavyofanya, nasi tukataka wateja.

Asubuhi simu ililia kabla hatujafungua duka. Ni mama yake. Wifi mtarajiwa ameijua ile hina mikononi, ameijua na pete. Picha imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo wa mume, wanaume wameiona, mashemeji wameiona, na bwana harusi mwenyewe ameiona kwa mtu mwengine kabla hajamuona mkewe. Watu wakaanza kusema binti anajiuza kwenye mitandao. Bi harusi analia chumbani, hataki kula, anasema gauni lile halivai tena.

Tuliifuta picha pale pale, lakini ilikuwa imeshatoka, na kitu kilichotoka kwenye simu hakirudi. Tulijifunga baibui tukaenda kwa mama yake, tukakaa chini kwenye mkeka, tukaomba radhi. Kisha tukaomba tupelekwe kwa mavyaa mtarajiwa, tukamwambia wazi kwamba binti hana kosa, kosa ni la washonaji. Yule bi mkubwa alitutazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Nyie nanyi ni watoto wa watu. Msimfanyie mwengine." Harusi ikafungwa, alhamdulillah. Lakini bi harusi yule aliolewa na gauni la kuazima, na lile letu limo kabatini dukani mpaka leo. Pesa zake tulimrudishia zote. Hatujaliuza wala hatujalikodisha.

Tangu siku ile duka letu lina kanuni: picha ya tangazo ni ya gauni likiwa kwenye sanamu. Wateja wengine hatukuwapata kwa sababu hiyo, tunajua. Wanakwenda kwa wale wenye video nzuri. Riziki ni ya Allah.

Tunachowaomba

Bi harusi mtarajiwa, angalia tamthilia yako, mpende staa wako. Ukija kwetu na picha, tutaitazama pamoja na tutakwambia kipi kinawezekana. Lakini kabla hujaja, fanya haya manne.

Kaa na mama yako au somo wako, mkubaliane gauni lisitirije, na uliandike. Nusu inchi zikianza kuombwa, tutalitoa karatasi.

Panga pesa kwanza, picha baadaye. Kama gauni litazidi ulichonacho, kodisha au azima. Hata aliyevaa taji siku ile London aliazimwa.

Simu za ukumbini zisimamie mapema. Weka dada wawili mlangoni wenye kikapu, kila anayeingia aweke simu yake. Watanuna kidogo, watasahau chakula kikija.

Na fundi wako, hata sisi, mwambie mapema kwamba picha yako hairuhusiwi kutoka. Usione haya. Tungeambiwa siku ile, yule binti angeolewa na gauni lake.

Allah awajaalie mabiharusi wetu ndoa za kheri, awasitiri hadharani na faraghani, na atusamehe sisi tulipokosea. Aamin.

Wassalaam alaykum warahmatullah.